Kuogelea Diani wakati wa kusi: jibu kwa mama wa Nakuru

Swali lililonifikia, nikilifupisha kidogo, ni hili: "Tumepanga kwenda Diani tarehe 10 hadi 16 Agosti 2026, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 6 na 11. Hoteli ni ya nyota tano na imetupunguzia bei. Sasa jirani yangu aliyewahi kufanya kazi Ukunda ananiambia Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, bahari imechafuka, haiogeleki. Mume wangu anasema hoteli ya bei ile haiwezi kuwa mahali pabaya, na yeye mwenyewe anaogelea vizuri kwenye bwawa. Nimsikilize nani? Au tuahirishe hadi Desemba?"

Dada yangu, jirani yako hajakudanganya, na mumeo naye ana chembe ya ukweli, ila mmoja ameangalia mwezi wa kalenda na mwingine ameangalia bei ya chumba. Mimi nimefundisha kuogelea na kuwapeleka wageni kupiga mbizi pwani ya kusini ya Kenya, Diani ikiwemo, kwa zaidi ya miaka 20, na kitu cha kwanza ninachokitazama kabla sijamwambia mtu aingie majini ni mwezi ulio angani. Kwa hiyo msingoje Desemba. Hoteli ikikubali, sogezeni safari mfike tarehe 18 na muondoke 22 au 23. Ikikataa, njoni tarehe zenu zile zile, lakini mkubali kwamba ratiba ya siku itapangwa na maji, wala si na saa za chakula. Nitakueleza kwa nini.

Kusi huanza kuvuma Aprili au Mei, hukaza Juni hadi Agosti, na kufikia Septemba huwa imeanza kulegea. Upepo huu unatoka mbali, kusini-mashariki, na umepita juu ya Bahari ya Hindi bila kukutana na kizuizi. Mawimbi yanayofika Diani yamekuwa yakikua njia nzima. Kaskazi, ya Desemba hadi Machi, ni pole zaidi upande wetu: maji huwa mangavu na joto lake hufika nyuzi 28 au 29. Agosti utayakuta kwenye nyuzi 25 hivi, na mtoto wa miaka 6 ataanza kutetemeka baada ya nusu saa. Miezi ya masika, hasa Mei, ndiyo ninayowakataza watu kabisa, na hoteli nyingi huitumia kufanya ukarabati. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia Mafia, serikali ya Kenya ilisimamisha kuogelea na shughuli zote za ufukweni. Agosti haiko hivyo. Agosti inaogeleka, kwa masharti.

Kinachofanya iogeleke ni mwamba. Ukisimama ufuoni utaona mstari mweupe wa povu huko mbele, mita mia kadhaa kutoka ulipo, pengine kukaribia kilomita 1. Hapo ndipo mawimbi ya kusi yanapovunjika. Ndani ya mstari huo, kati ya mwamba na mchanga, kuna maji ya kina kidogo na ndimo watu wote wanamoogelea. Mgeni huona mstari ule akadhani ni ukuta mzima kutoka Kongo, mwisho wa kaskazini wa ufuo wa Diani, hadi Galu upande wa kusini. Si mzima. Una nafasi zilizo wazi, na wavuvi huziita milango, kwa sababu ndiko ngalawa zinakotokea na kurudia.

Sasa fikiria maji yanavyofanya. Kila wimbi linalovunjika juu ya mwamba linamwaga maji ndani. Yale maji hayawezi kurudi palipojaa mawimbi mengine yanayoingia, basi yanatafuta mlango na kutokea hapo. Kusi ikivuma kwa nguvu, maji mengi zaidi yanamwagwa ndani, na mkondo wa mlangoni unakaza. Bahari nayo ikiwa inakupwa, yaani maji yote yanashuka kuelekea nje, mambo hayo mawili hukutana mahali pamoja. Hakuna muogeleaji wa bwawani anayeyashinda, hata awe na kifua kama cha mbuyu.

Na kukupwa si kwa aina moja. Mwezi ukiwa mpya au mpevu tunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, tofauti yake hapa kwetu hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunakuwa na maji mafu, na tofauti hushuka hadi kama mita 1 hivi. Muda wa maji kutoka kujaa hadi kukupwa ni ule ule, saa 6 na dakika kidogo, lakini wakati wa bamvua maji yanayopaswa kutoka katika saa hizo ni karibu mara tatu. Kwa hiyo mahali pale pale, mlango ule ule, hoteli ile ile, nguvu ya mkondo inabadilika ndani ya wiki moja.

Chukua kalenda. Mwezi mpya unaingia usiku wa tarehe 12 Agosti. Bamvua yenyewe hufikia kilele siku moja au mbili baadaye, yaani tarehe 13 hadi 15, katikati kabisa ya likizo yenu. Mwezi utakuwa nusu tarehe 20, na maji mafu yatakuwa tarehe 20 hadi 22. Ndiyo sababu nimekuambia usogeze safari. Siku hizo za maji mafu, bahari itakuwa imejaa katikati ya asubuhi hadi adhuhuri, kuanzia kama saa 4 hadi saa 6, mkondo utakuwa mchache, na mtoto ataweza kuingia majini baada ya kifungua kinywa kama mlivyozoea kuota. Kama ratiba ya shule inaruhusu, huo ndio wakati wa familia yenye mtoto mdogo.

Huenda haiwezekani. Basi nikueleze siku ya bamvua inavyokwenda, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu hatari yake haiko pale watu wanapoitegemea.

Wakati wa bamvua hapa pwani maji hujaa alfajiri, kama saa 10, na hukupwa katikati ya asubuhi, kati ya saa 4 na saa 5. Hujaa tena alasiri, kati ya saa 10 na saa 11. Maana yake ni kwamba saa 12 hadi saa 3 asubuhi maji yanatoka kwa kasi kuliko wakati mwingine wote wa mchana. Na saa hizo hizo ndizo upepo wa kusi bado haujaamka. Bahari inakuwa kama kioo, jua linachomoza mbele yako, na kila mtu anasema leo bahari imetulia. Uso umetulia. Chini maji yanakwenda.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Julai, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nilikuwa ufuoni saa 1 asubuhi nikikagua mitungi ya hewa. Mgeni mmoja, mwanamume mwenye nguvu zake, alitoka kwenye hoteli ya bei kubwa, akaangalia bahari, akachagua mahali pa kuingilia. Kulia kwake mawimbi yalikuwa yanavunjika huko mwambani, kushoto pia, katikati palikuwa pametulia na maji yana rangi nzito zaidi. Akachagua katikati. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo, kwani jicho la mtu hukimbilia palipotulia. Lakini pametulia kwa sababu hakuna mwamba wa kuvunja wimbi, na hakuna mwamba kwa sababu ni mlango. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika mbali, kichwa tu kinaonekana, mikono inapiga maji. Alikuwa anaogelea kurudi moja kwa moja kuelekea hotelini kwake. Baadaye aliniambia alikuwa amekaza macho kwenye paa la makuti la mkahawa, na kila alipolitazama lilikuwa limepungua kidogo.

Mlinzi wa bwawa la hoteli alikimbia hadi ukingoni mwa maji na filimbi mdomoni. Hakuwa na kamba, hakuwa na boya, hakuwa na chombo. Aliyemtoa yule mgeni ni mvuvi aliyekuwa anarudi na ngalawa kutoka kwenye malema, mitego yake ya samaki. Alimfuata, akamwambia ashike tengo, ule mti wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, akamzungusha pembeni hadi maji ya magoti. Mgeni alikaa mchangani kwa muda mrefu bila kusema neno, mikono inamtetemeka. Hilo ndilo jibu langu kwa mumeo. Bei ya chumba inalipia bustani, kitanda, jikoni na bwawa. Ufuo chini ya alama ya maji makuu ni wa umma, bahari haimilikiwi na hoteli yoyote, na si kila hoteli imeajiri mtu aliyefunzwa uokoaji baharini. Zipo zinazofanya hivyo, na nazisifu. Uliza kabla hujalipa.

Kwa tarehe zenu basi, asubuhi za bamvua msiogelee. Zitumieni kwa kitu ambacho familia za maji mafu hazikipati: kutembea. Kuanzia saa 3 na nusu bahari itakuwa imejivuta, na mtaona vidimbwi vimebaki mwambani, na ndani yake samaki wadogo wa rangi, nyota za baharini, kaa, na pengine pweza aliyejibanza tunduni. Mchukueni kijana wa hapo anayeijua njia, mkubaliane bei kabla ya kuondoka, na kila mmoja avae viatu vya mpira. Msikanyage matumbawe, msiokote kitu. Na mwangalieni mvuvi wa pweza. Utamwona mbali mwambani na fimbo yake ya chuma, ameinama. Yeye akigeuka kurudi, nanyi mgeuke, hata kama maji mbele yenu bado yanaonekana mbali. Kati ya mwamba na ufuo kuna mifereji yenye kina zaidi kuliko pale mliposimama. Bahari ikianza kurudi hujaza kule kwanza, nyuma ya migongo yenu, na mtoto aliyevuka maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu atayakuta yamefika kifuani. Kwa watoto wenu ningesema saa 4 na nusu muwe mmeshaelekea nyumbani.

Wakati wa kuogelea ni mchana, maji yakiwa yanaingia lakini hayajafika juu: kuanzia saa 7 hadi saa 9 hivi. Hapo maji yanasukuma kuja ufuoni, kina kinatosha, na mwamba bado umechomoza vya kutosha kuvunja mawimbi. Ikifika saa 10 bamvua imejaa, mwamba umezama, na mawimbi yanapita juu yake hadi mchangani. Wimbi la namna hiyo linampiga mtoto chini na kumburura. Nimeona bega likiteguka kwenye maji ya magoti. Saa hizi nilizotaja ni za tarehe 13 hivi. Tarehe 10 kila kitu kitatangulia kwa karibu saa 2, tarehe 16 kitachelewa kwa karibu saa 2. Msizitumie kama msahafu. Tafuteni jedwali la maji ya Kilindini, ambalo hutolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, au waulizeni wenye mashua ufuoni, maana hao hawakosei. Idara ya Hali ya Hewa nayo hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Siku yenye tahadhari, bwawa la hoteli linatosha.

Mahali pa kuingilia, ombeni kuonyeshwa milango ilipo kabla hamjalowa. Hata mkiwa peke yenu mnaweza kuiona mkisimama juu kidogo, kwenye ngazi au baraza: mstari wa povu umekatika, maji hapo yana rangi nzito, na vipande vya mwani vinavyoelea vinakwenda nje wakati vingine vinakuja ndani. Ingieni mbali na hapo, palipo na mwamba mzima mbele yenu. Kusi pia husukuma maji ya ndani kwenda kaskazini, sambamba na ufuo, kwa hiyo chagueni mnazi au mwavuli mmoja uwe alama. Mkiona umewaacha, tokeni, tembeeni mchangani, mwanze tena. Upande wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini karibu na ule msikiti wa kale, piga picha upendavyo lakini usiwaingize watoto mdomoni mwa mto. Maji ya mto na maji yanayokupwa hutokea hapo kwa pamoja, na mvua ikinyesha bara yanakuja na tope na magogo.

Mumeo naomba ajifunze jambo moja kabla ya safari, alijaribu hata kwenye bwawa la Nakuru: kulala chali juu ya maji bila kupiga mikono, dakika 5. Mkondo haumvuti mtu chini, unamvuta nje. Anayekufa ni yule anayeshindana nao mpaka nguvu zinamwisha. Akishikwa, alale chali, avute pumzi, ainue mkono mmoja aonekane, kisha aogelee kwa upande, sambamba na ufuo, hadi ahisi maji yamemwachia. Akiwa ameshapitishwa mlangoni, asijaribu kurudi kwa kupanda juu ya mwamba, kwa sababu mawimbi yatamtupa kwenye matumbawe. Akae nje ya povu, aelee, apunge mkono, angoje chombo. Nje ya mlango mkondo hulegea. Na wewe uliyebaki ufuoni usimfuate. Mtupie chochote kinachoelea, hata dumu tupu la mafuta lenye kifuniko, na mwite mwenye ngalawa.

Mtoto wa miaka 6 awe umbali wa mkono wako muda wote, tena mkono ulionyooshwa, na avae jaketi la kuokoa maisha linalomkaa vizuri. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anakuwa kimya, kichwa kimeinama nyuma, mdomo uko usawa wa maji, na mtu aliyeketi mita 10 na simu mkononi anadhani anacheza. Maboya ya plastiki ya kujazwa pumzi, yale ya bata na mamba, yaacheni bwawani. Asubuhi umande, yaani upepo wa nchi kavu, ukivuma kutoka bara, boya hilo linakwenda nje na mtoto wako juu yake. Yule wa miaka 11 ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu anajiamini. Mwonyeshe mlango kwa kidole na umwambie kwa nini. Watoto wa umri huo huelewa wakielezwa sababu.

Likitokea la kutokea na mtu akatolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini kumwaga maji, hiyo ni kumpotezea muda. Mlaze chali, mpe pumzi 5 kwanza, kisha kandamiza kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, na usiache mpaka msaada ufike. Hata akizinduka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Viumbe wenye kuuma ni jambo dogo ukilinganisha na mkondo, lakini watoto huumia, basi nigusie. Mwambani kuna wale wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi kama nungunungu. Viatu vinakukinga na karibu wote. Mchangani hujificha taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, na dawa yake ni kuburura miguu badala ya kukanyaga, asikie na aondoke. Mkia wake ukikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi. Maumivu hupungua ukiwa bado umeutumbukiza. Kisha hospitali, mwiba unaweza kuwa umebaki ndani. Upepo wa baharini pia huleta yavuyavu, viumbe laini wenye nyuzi zinazowasha, na wale wa buluu wenye kipovu kama puto na mkia mrefu huwasha hata wakiwa wamekufa mchangani. Suuza kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga, ondoa nyuzi zilizobaki, kisha maji ya moto. Mkojo hausaidii.

Kitu cha mwisho ambacho huwashangaza wageni wa kusi ni mwani. Mtaamka siku moja mkute ufuo ule mweupe wa kwenye picha umefunikwa na marundo ya kahawia yanayonuka kidogo. Wageni hulalamika mapokezi, na baadhi ya hoteli hufukia au kuzoa. Mimi huumia nikiona unazolewa. Yale marundo yanauzuia mchanga usichukuliwe na mawimbi ya kusi, na ndani yake kuna chakula cha kaa na ndege. Mwache mtoto aufukue kwa kijiti, ataona vidudu vinavyorukaruka, ni burudani ya asubuhi nzima. Mkichoka na bahari, Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, iko karibu. Mtafungwa kaniki, kitambaa cheusi, kiunoni na mzee atawaingiza msituni kwa adabu zake.

Kabla hujalipa, pigia hoteli uulize mambo matatu: nani anasimama ufuoni saa watu wanapoogelea na amefunzwa wapi, kuna chombo gani cha uokoaji na kiko umbali gani, na mlango wa karibu uko upande gani wa hoteli. Mtu wa mapokezi huenda asijue. Mwombe akuunganishe na mtu wa mashua. Akikujibu la tatu bila kusita, hiyo ni hoteli yenye watu wanaoijua bahari yao. Ukitajiwa tu urefu wa bwawa, niandikie tena kabla ya kutuma pesa, uniambie iko sehemu gani ya ufuo, nami nitakuonyesha mlango wa hapo ulipo.